Ndala Ziko Mlango Gani?

Vijana wangu wa tawi la wasanifu, mmenitaka niseme machache kuhusu kazi, mkanipa na kichwa cha habari kirefu kama kanzu ya kurithi: tuzo, huduma kwa jamii na mustakabali wa usanifu majengo katika pwani yetu ya kaskazini. Nimekisoma, nimekikunja, nimekiweka pembeni. Mustakabali siujui. Ninachokijua ni majengo, na watu wanaoingia na kutoka ndani yake, na miaka mingi ya kugombana na mafundi wa Tanga mpaka nikawapenda. Hayo ndiyo nitakayosema, kwa hiyo anayetaka mustakabali na atoke mapema kabla chai haijaletwa.

Kwanza niwachokoze. Juzi kijana wenu mmoja, simtaji jina maana mama yake ni jirani yangu hapa Chumbageni, alinionyesha kwenye kompyuta picha ya zahanati aliyoichora ijengwe huko Muheza vijijini. Picha nzuri, haki ya Mungu. Mbingu safi, nyasi kama zulia, na mbele ya mlango Mzungu mwenye kaptula anakimbia na mbwa. Nikamwuliza, "Mwanangu, huyu ni mgonjwa au daktari?" Akacheka, akaniambia watu hao huletwa na programu yenyewe. Nikamwambia basi programu yako haijawahi kufika Muheza. Mwondoe huyo na mbwa wake, mweke bibi wa kanga mbili mwenye mjukuu mgongoni na magoti yanayouma. Alikuwa kijana msikivu, akamweka. Kesho yake akaja na mchoro mpya, na zile ngazi ndefu za mbele zilikuwa zimegeuka mteremko wa kupandika.

Nasema haya kwa kujiamini kwa sababu nililelewa kazini na mtu aliyejiamini kupita kiasi. Mzee Mhina, ambaye wengi wenu mmemwona kwenye picha ya ukutani pale ofisini kwetu, ndiye aliyenipokea nilipotoka chuo. Nilikuwa msichana pekee katika ofisi yake, na siku ya kwanza aliniuliza swali moja tu: "Mwanaidi, unajua kukaa?" Nikasema najua. "Basi kachukue kiti, nenda kile kiwanja cha Raskazone, ukae hadi alasiri. Usichore chochote." Nilikaa. Nilichomwa na jua, nikaumwa na siafu, nikarudi nimenuna. Akaniuliza kivuli kilianzia wapi, watoto wa shule walikata njia ipi, na jirani alipotoka nje alitazama wapi. Yote nilikuwa nayajibu bila kufikiri. Nikaona kumbe nimekwisha kuichora ile nyumba bila kushika penseli.

Alikuwa pia na chetezo. Ndiyo, chetezo cha ubani, kile kile cha kufukizia nguo. Alikuwa akikibeba kwenye gari, na tukifika kiwanjani hukiwasha na kukiweka chini, kisha hutazama moshi unalala upande gani, ajue pepo za kusi na kaskazi zitapitaje ndani ya vyumba. Ukisikia watu wanasema upepo wa Tanga unatoka baharini tu, ujue hao hawajawahi kuwasha ubani Pongwe. Siku moja tulikwenda kupima kiwanja cha madrasa, wanakijiji wakakusanyika kwa mbali, wakatuangalia tukifukiza pembe baada ya pembe. Mama mmoja akajitokeza, akapiga magoti mbele ya Mzee Mhina, akasema, "Shikamoo mganga. Na kwangu upite, mume wangu ameingia wazimu wa kuoa." Mzee akamjibu kwa upole, "Marahaba mama. Dawa ya huo sina. Mie natafuta dirisha."

Hizo zilikuwa siku za Jumamosi zetu. Ninyi mnaita huduma kwa jamii, sisi tulikuwa tunaita kwenda barazani. Tawi letu lilikuwa na desturi, Jumamosi moja kila mwezi, ya kutoa meza na viti katika ukumbi wa shule hapa Chumbageni, na mwenye kiwanja au nyumba yenye ugonjwa aje kupata ushauri bure. Watu walikuja na ramani zilizochorwa nyuma ya kalenda. Wapo waliokuja na kucha imevimba, wakidhani sisi ni madaktari wa watu. Bwana mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Uarabuni alitaka nyumba ya vioo mbele yote, ikitazama magharibi. Nikamwuliza jua la jioni ataliweka wapi. Akasema atatia kiyoyozi. "Na umeme ukikatika?" Akaniangalia kama vile ni mimi niliyeukata.

Katika Jumamosi zile nilijifunza jambo ambalo sikulikuta darasani. Mtu ukimwuliza anataka nyumba gani, atakutajia nyumba ya jirani yake. Usimwulize hivyo. Mwulize jana baada ya alasiri alikaa wapi, na nani, na aliondoka kwa nini. Hapo ndipo nyumba yake ilipo.

Sasa nije kwenye tuzo, maana naona mnajikuna.

Zamani tawi letu lilikuwa linatoa tuzo ya jengo bora kwa kutazama picha. Wajumbe hukaa mezani, hupitisha picha, husema mashallah, hupiga kura. Mwaka mmoja tukalipatia tuzo jengo la ukumbi ambalo lilipendeza kweli kweli, tukafanyia sherehe humo humo. Mvua ikanyesha. Mgeni rasmi alihamishwa kiti mara kadhaa, mwishowe akasoma hotuba yake ya kulisifu jengo akiwa ndani, chini ya mwavuli. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tulifungua, tukaingia, tukalowa.

Baada ya aibu ile, Mzee Mhina ndiye aliyesimama kikaoni na kutunga sheria mpya. Jengo halipewi tuzo mpaka linyeshewe na masika mbili. Wajumbe waende bila taarifa, siku ambayo jengo lina watu. Msanifu wake asiwepo. Wakifika wasipige picha wala kupima, wakae kwanza. Na tuzo yenyewe, lile bamba la shaba, asipewe msanifu akalitundike sebuleni kwake, ligongewe misumari kwenye jengo, mahali watakapopachagua wajumbe. Watu walinung'unika. Yeye akasema, "Jengo ndilo lililofanya kazi. Weye ulichora ukaenda zako." Sheria ikapita.

Kwa ajabu, yeye mwenyewe hakuwahi kupata bamba lile hata moja. Mara awe yeye ni mjumbe wa kutoa hukumu, mara jengo lake liwe bado halijapata masika ya pili. Miaka ikaenda, akastaafu, presha ya macho ikaanza kumla taratibu. Akiwa bado anaona ukubwa wa vitu ingawa si sura zake, tawi likaombwa kusaidia kijiji kimoja pembeni ya barabara ya Horohoro kujenga zahanati yenye chumba cha wazazi. Mzee Mhina akasema atachora yeye, bure, na itakuwa ya mwisho. Mimi wakati huo nilikuwa Pemba nikisimamia shule, sikuuona mchoro wala msingi.

Niliporudi, zahanati ilikuwa imeshakunywa masika zake mbili, na kila mtu katika tawi alikuwa anajua moyoni kwamba bamba la safari hii ni la Mzee. Mimi na Rashidi, ndugu yenu mnayemfahamu kwa sauti kubwa na moyo mwepesi, tukachaguliwa kwenda kukaa. Yalikuwa kama maandalizi ya harusi. Hata shaba ilikuwa imekwisha kununuliwa.

Tulifika asubuhi, siku ya kliniki ya wajawazito. Jengo lile, vijana wangu, lilinifanya nitabasamu kutoka barabarani. Paa limeshuka chini kufunika kuta, matofali yenye matundu yanapitisha hewa, na mbele kabisa, likitazama barabara, baraza refu la mviringo lenye kivuli, limejengewa ndugu wa wagonjwa wapate mahali pa kungojea. Chetezo kilikuwa kimefanya kazi yake: ukikaa pale upepo unakufuata mwenyewe. Wazee wa kijiji walikuwa wamejaa, bao linachezwa, kahawa inamiminwa.

"Assalaam alaykum," tukasema.

"Waalaykum salaam. Karibuni, kaeni, hapa ndipo peponi," akasema mkubwa wao, Mzee Mbwana, akitusogezea nafasi. "Aliyeijenga hii baraza, wallahi, Mungu amlipe."

Rashidi akanikonyeza. Tukapewa kahawa, tukakaa kama sheria inavyotaka. Tukakaa sana. Na kadiri nilivyokaa ndivyo kitu kilivyokuwa kinanikera bila kukijua jina. Ngazi za kutoka barazani kwenda mlangoni zilikuwa za saruji nyekundu, na zilikuwa zinang'aa. Masika mbili, udongo wa Horohoro, siku ya kliniki, na ngazi zinang'aa? Nikatazama mlangoni. Hapakuwa na ndala hata moja.

Mnajua desturi yetu. Hakuna mtu wa pwani anayeingia ndani ya sakafu safi na viatu, iwe msikitini, iwe kwa shangazi, iwe kwa nesi. Penye watu pana ndala. Nikaweka kikombe chini, nikazunguka nyuma ya jengo.

Nilipita kamba za kuanikia mashuka, nikapita tangi la maji, nikapita shimo la kuchomea taka lililokuwa linafuka moshi, na pale kwenye mlango mwembamba wa kutolea nguo chafu nikalikuta rundo lake. Ndala za kila rangi, zilizokatika na kushonwa, za watu wazima na za watoto. Ndani, wanawake walikuwa wamekaa chini katika ujia wa kufulia, wamebanana, na waliokosa nafasi walikuwa nje wameegemea ukuta, juani, kanga kichwani, matumbo mbele. Moshi wa taka ulikuwa unawajia.

Nesi alikuwa mama mchangamfu aitwaye Zaituni. Nikamwamkia, nikamwuliza kwa nini hawapiti mbele.

"Mbele?" akasema. "Dada, pale mbele wamekaa wakwe zao. Baba mkwe, shemeji, mjomba wa mume, wote. Mwali ana tumbo la kwanza, atakatizaje mbele ya kahawa ya baba mkwe wake? Apite nyuma, hivi hivi."

"Na mlango huu ukiwa umefungwa?"

"Ukifungwa wanarudi kwao. Wapo waliorudi wakazalia huko huko nyumbani." Akashusha sauti. "Wengine tuliwanusuru kwa shida."

Angalieni jinsi mambo yalivyo: kama lile baraza lingekuwa baya, lenye jua na mbu, wazee wasingelihamia, na mlango ungetumika. Mzee alipokuwa anachora, pale palikuwa na kichaka na njia ya mbuzi. Uzuri wa kazi yake ndio uliowaleta wale wazee, na wazee ndio waliofunga njia bila kunyanyua hata kidole.

Njiani kurudi Rashidi aliendesha gari polepole, na si kawaida yake. Mwishowe akasema, "Dada, tumpe. Mzee haoni tena. Hatafika kule akajua. Tukaandike upepo, tukaandike matofali, yote ni kweli. Bamba tutaligonga barazani, wazee watapiga makofi. Unataka kumwua mtu kwa ajili ya ndala?"

Nilitaka kukubali. Yule mtu alikuwa amenifundisha kukaa. Lakini nilikuwa bado nasikia harufu ya ule moshi wa taka kwenye buibui langu.

"Rashidi," nikamwambia, "sheria ya kwenda bila msanifu aliitunga yeye. Tukimpa bamba kwa huruma tutakuwa tumempa picha."

Nikaenda peke yangu Raskazone, kwa Mzee. Nilimkuta ukumbini amekaa na redio yake. Nikamwamkia, nikaambiwa nikae, nikamweleza yote bila kupaka sukari. Mzee Mhina alikasirika. Hakunikasirikia kidogo.

"Nimejenga baraza pwani hii tangu hujazaliwa!" akasema. "Baraza ni ya watu wote. Wanawake nao wana miguu, waseme wapishwe!"

"Mzee, mwali wa tumbo la kwanza atawaambia wakwe wapishe?"

Akazima redio. Kisha akauliza, "Ngazi zangu zikoje?"

"Zinang'aa, Mzee."

Yeye ndiye aliyenifundisha ngazi inayong'aa maana yake nini: haina wa kuikanyaga. Akaipapasa bakora yake, akasema, "Siku ya kliniki ijayo unipeleke."

Nikampeleka. Alikaa kwanza barazani na wale wazee. Hawakumjua, na kwa sababu hawakumjua walilisifia baraza mbele yake kwa maneno ambayo mtu huyasubiri maisha yake yote. Akakunywa kahawa yao yote. Kisha akanyanyuka, akanipa mkono, akasema, "Nizungushe."

Tukapita kamba za mashuka, zikampiga usoni. Tukapita moshi, akakohoa. Tulipokaribia mlango mwembamba bakora yake ikagonga kitu laini, ikagonga kingine, na kingine. Akasimama. Akaanza kuzigusa zile ndala kwa ncha ya bakora, moja moja, kama mtu anayetafuta yake. Wanawake wakamtazama. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Shikamoo babu," mmoja akasema. "Marahaba wanangu," akajibu. "Mnisamehe jua."

Aliporudi barazani ndipo alipojitambulisha. Wazee wakaruka kumshika mikono. Akawatuliza. "Sikilizeni," akasema. "Baraza mmelipenda, nimewapa, hakuna wa kuwatoa. Ila mlango nauchukua. Kwa sababu nyie mkikaa hapa, wake na wakwe zenu hupita jalalani."

Mzee Mbwana alibaki na kete mkononi. "Lahaula," akasema polepole. "Mkwe wangu kakataa kliniki, nikamwona mkaidi. Nimemsema nyumba nzima. Kumbe alikuwa akinikimbia miye."

Tuliligeuza jengo lile, vijana, bila kubomoa zaidi ya ukuta mmoja. Mzee Mhina alichora kwa maneno, mimi nikashika penseli. Upande wa nyuma ukawa mbele: mlango mpana, mabenchi chini ya paa lililorefushwa, ua wa matofali yenye matundu wa kusitiri bila kuziba hewa, dirisha la kupokelea kadi likahamia huko. Shimo la taka likapelekwa mbali, upande ambao moshi wa chetezo ulituonyesha kuwa hautarudi, na walioichimba njia mpya na kuipanga mawe ni wale wale wa barazani, Mzee Mbwana akiwa wa kwanza kuvua shati. Wana tawi walitoa Jumamosi zao. Bamba la shaba lilikaa kabatini.

Zikapita masika nyingine mbili. Rashidi akaenda na mjumbe mwingine, mimi nikajitoa kwa sababu safari hii mkono wangu ulikuwamo. Nilikuwa Raskazone kwa Mzee simu ilipoita. Nikamwekea sikioni.

"Ndala ziko mlango gani?" akauliza, bila hata salamu.

"Mlango wa mbele, Mzee," sauti ya Rashidi ikajaa chumba kizima.

"Wa mbele upi? Wangu au wao?"

"Wao."

Akanirudishia simu. "Mwanaidi," akasema, "waambie walete misumari."

Bamba liligongwa pale, chini kidogo, usawa wa macho ya mtu aliyeinama kuvua viatu. Siku ya sherehe Mzee Mhina alivaa kanzu mpya na makubadhi yake ya ngozi, akayavua mlangoni kama kila mtu, akaingia, akasalimiwa na watoto waliozaliwa humo. Tulipotoka makubadhi hayakuwapo. Katika lile rundo mtu alikuwa ameyavaa kwa kukosea akaenda zake. Tuliyatafuta, Rashidi akapiga kelele, Nesi Zaituni akaona aibu hata akavua ndala zake mwenyewe na kumvisha mzee: za plastiki, rangi ya waridi, zina ua juu. Alicheka njia nzima mpaka Tanga, akiwa ameinyosha miguu mbele garini azione vizuri kadiri macho yake yalivyomruhusu.

Basi kabla hamjatuma picha zenu za tuzo mwaka huu, nendeni mkamwamkie. Nyumba zile za Raskazone zinafanana na hazina namba, lakini hamtapotea. Tazameni mlangoni. Mpaka leo hajazirudisha.